Ile Tarakimu ya Nne: Barua ya Wazi kwa Mawakala wa Forodha

Kwa mawakala wote wa forodha mnaotoa magari yaliyotumika katika Bandari ya Dar es Salaam,

Ndugu zangu,

Nawaandikia kutoka Morogoro. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu, na jambo linalonifanya nishike kalamu ni tarakimu moja tu iliyoandikwa vibaya kwenye kadi ya gari la marehemu mume wangu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana naamini wengi wenu mkikosea hamjui kosa lenu linakwenda kuishi nyumba gani.

Mume wangu alikuwa fundi umeme. Aliweka akiba miaka mitatu, na mwaka 2016 akaagiza Toyota IST kutoka Japani. Alimkabidhi wakala nyaraka zote, akalipa ushuru wote aliotajiwa, akapokea kadi na vibao vya namba. Siku gari lilipofika nyumbani tulichinja kuku. Kadi akaitia kwenye bahasha ya kaki, ileile yenye hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akaifungia kabatini.

Alifariki mwaka 2023. Mwaka uliofuata, baada ya mahakama kuniteua msimamizi wa mirathi, tulikaa kikao cha ukoo, tukakubaliana gari liuzwe ili mtoto wa pili alipiwe ada ya chuo. Mnunuzi akapatikana haraka, kwa sababu gari lilikuwa limetunzwa. Akaja Jumamosi asubuhi na fundi wake.

Fundi akafungua boneti, akafuta vumbi kwa tambara mahali penye namba ya chasisi, akaanza kuisoma. Mnunuzi alikuwa ameshika kadi, akifuatisha kwa kidole. NCP60, sawa. Kistari, sawa. Tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, sawa. Ya nne fundi akasema, "Nane." Mnunuzi akasema, "Hebu rudia." Fundi akafuta tena, akainama, akasema, "Nane, bosi." Kwenye kadi ilikuwa tatu.

Mnunuzi alinirudishia kadi kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaniambia, "Mama, samahani. Gari hili silo lililoandikwa humu." Wakaondoka. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umeshasikia, na kufika kesho yake nikaambiwa na jirani anayenipenda kwamba watu wanasema kumbe gari la marehemu lilikuwa la wizi.

Ndugu zangu, aliyekosea ni mtu aliyekuwa akichapa kwa haraka mbele ya kompyuta. Aliyetiwa shaka ni mume wangu, ambaye yuko kaburini na hawezi kujibu. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Sijaja kuwatukana. Katika kuhangaika kwangu nimejifunza mambo kuhusu hizi namba ambayo nadhani hata baadhi yenu, kwa kuzizoea, hamkai mkayafikiri. Nchini Marekani, magari yote ya tangu modeli za mwaka 1981 yana namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki humo kabisa, ili mtu asizichanganye na moja na sifuri. Tena alama ya tisa ni mlinzi: hupatikana kwa kupiga hesabu ya alama zote nyingine, hivyo ukikosea hata tarakimu moja tu, hesabu inakataa na kompyuta inaweza kukwambia papo hapo kwamba umekosea.

Magari tunayoletewa sisi kutoka Japani, yaliyotengenezwa kwa soko la Wajapani wenyewe, hayana mlinzi huyo. Namba yake ni fupi: alama ya modeli, kistari, kisha tarakimu, saba kwa gari kama letu. NCP60 inasema ni IST ya injini ndogo, NCP61 inasema ni IST ya injini kubwa kidogo, na zile saba zinazofuata ni mfululizo tu kutoka kiwandani. Ukiandika tatu badala ya nane, hakuna hesabu ya kukataa. Namba uliyoiandika itaonekana nzuri vilevile. Kibaya zaidi, huenda ikawa namba ya gari jingine la kweli linalotembea mahali fulani duniani. Ndiyo maana mnunuzi akiona namba hazilingani hukimbia, na polisi akiona hivyo hushika gari kwanza na kuuliza baadaye. Siwalaumu. Namba iliyogongwa upya ni dalili ya zamani ya gari la wizi, na kwa mtu anayetazama kwa nje, kosa la karani na ujanja wa mwizi vinafanana.

Kuna na mtego wa pili, wa mwaka. Cheti cha Kijapani cha kufuta usajili ili gari lisafirishwe huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989 ikaisha tarehe 30 Aprili 2019, na kesho yake ikaanza Reiwa. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza Heisei 16 ni la mwaka 2004. Karani asiyejua, au aliyechoka, akiona 16 anaweza kuandika 2016, na gari linakuwa jipya kwa miaka 12 nzima kwenye karatasi. Tena huo ni mwaka wa kusajiliwa, na mwaka wa kutengenezwa unaweza kuwa wa nyuma yake. Kwa kuwa kwetu gari kuukuu hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, kosa la namna hiyo siku likigunduliwa halisomeki kama kosa. Linasomeka kama mwenye gari alitaka kukwepa kodi, ingawa mwenyewe hajawahi kusoma hata herufi moja ya Kijapani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kwamba hata mali yenye daftari hupotea, daftari likiandikwa vibaya.

Mtaniuliza: mlikaaje miaka minane bila kujua? Nami nilijiuliza hivyohivyo usiku mwingi. Zamani mwenye gari alilipia leseni ya barabara kila mwaka, kwa hiyo walau mara moja kwa mwaka alikuwa na sababu ya kuzishika karatasi za gari lake. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 serikali iliifuta ada hiyo ya kila mwaka, ikaihamishia kwenye mafuta. Ulikuwa uamuzi mwema na sote tulishukuru. Ila tangu hapo kadi inaweza kulala kabatini miaka kumi bila kuguswa, na kosa likalala nayo. Huamka siku tatu tu: siku ya kuuza, siku ya ajali, na siku ya msiba. Kwangu siku ya msiba na siku ya kuuza zilikuja pamoja.

Siku ya ajali namshukuru Mungu haikufika. Maana bima tuliyoilipia kila mwaka ilinakiliwa kutoka kwenye kadi ileile. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukilikatia bima gari lenye tatu, huku watoto wangu wakipanda lenye nane. Kama pangetokea jambo barabarani, nani angetulipa, na kwa gari lipi?

Sasa niwaeleze njia ya kusahihisha ilivyo, maana nyinyi mnaiona kutokea ndani ya ofisi na mimi nimeitembea kwa miguu. Nilidhani ni kwenda dirishani na kusema, "Hapa pamekosewa." Nikaelezwa kwamba taarifa za usajili zilitokana na taarifa alizotoa wakala forodhani, kwa hiyo pa kuanzia ni hapo chanzo kilipo, na aliyetoa taarifa ndiye anayetakiwa kuomba zirekebishwe. Peke yangu nisingeweza lolote. Ilinibidi nimpate wakala aliyetoa gari mwaka 2016.

Ofisi yake ilikuwa imehama. Simu iliyokuwa kwenye risiti haikupatikana. Nilipanda treni mpaka Dar es Salaam, nikauliza mlango kwa mlango, nikielekezwa na mawakala wengine ambao hawakunidai chochote, Mungu awalipe. Nilipoifikia ofisi mpya, nikaambiwa mafaili ya zamani yako stoo na hakuna mwenye uhakika kama yapo. Kijana mmoja karani, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alitumia siku mbili kufungua maboksi mpaka akalipata. Aliponipigia simu alikuwa na furaha kama aliyepata faili la mama yake mzazi. Jina lake silitaji, lakini kila jioni namwombea.

Kutoka kwenye faili lile ukweli ulionekana wazi. Cheti cha Japani kilikuwa na nane. Hati ya shehena ya meli ilikuwa na nane. Ripoti ya ukaguzi ilikuwa na nane. Tatu ilizaliwa kwenye karatasi iliyochapwa hapa kwetu, mahali pamoja tu, na kutoka hapo ikarithiwa na kadi, bima na kila kilichofuata.

Baada ya hapo ikawa kuandika barua, kuapa mbele ya kamishna wa viapo, kutoa nakala, kupeleka gari polisi likaguliwe kama namba imechezewa, kusubiri, kurudi, kusubiri tena. Askari aliyelikagua alipapasa chuma kwa kidole, akasema, "Hii ni ya kiwandani, haijaguswa." Niliposikia maneno hayo nilikaa chini palepale nikalia. Mtu aliyevaa sare alikuwa amesema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba mume wangu hakuwa mwizi.

Kazi nzima ilichukua miezi minne na siku 12. Nilisafiri kwenda Dar es Salaam mara saba. Mwanangu alichelewa kujisajili chuoni, na ada ilipatikana kwa michango ya shangazi zake. Kosa lenyewe lilikuwa kazi ya nukta moja ya saa.

Ndiyo maana nimeona niwaandikie nyinyi, maana mlango wa kwanza ni wenu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ndiyo inayowapa leseni, na inawabebesha wajibu mzito juu ya bidhaa mnazozitolea taarifa, kana kwamba ni zenu wenyewe. Mtu hapewi wajibu wa namna hiyo kwa kujua kuchapa tu. Hupewa kwa sababu taifa limemwamini kwamba atakachokiandika ndicho kilichopo.

Ninayo maombi matatu, nayo hayahitaji bajeti wala kikao.

La kwanza, isomeni namba kwa sauti mbele ya gari lenyewe. Msiisome kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi iliyokosewa itawathibitishia kosa lake. Mmoja afungue boneti au anyanyue zulia, kila gari na pake, asome kwenye chuma tarakimu moja moja. Mwingine afuatishe kile kilichochapwa. Kisha wabadilishane: aliyesoma afuatishe, aliyefuatisha asome. Jicho moja huona linachokitarajia. Nane iliyojaa kutu na rangi hufanana sana na tatu. Na kama mwenye gari yupo, mwiteni asimame hapo asikie. Fundi wa mnunuzi wangu aliliona kosa ndani ya dakika moja, kwa tambara na mdomo. Dakika ile ingetumika mwaka 2016, barua hii isingekuwapo.

La pili, iacheni namba yenyewe kwenye faili, na faili mpeni mwenye mali. Wekeni karatasi nyembamba juu ya chuma, pitisheni penseli, na namba itajichora yenyewe kama ilivyogongwa kiwandani. Au pigeni picha kwa simu, kila mtu anayo. Kisha mteja apewe nakala ya kila kitu: cheti cha Japani na tafsiri yake, hati ya shehena, taarifa mliyoitoa forodhani, risiti zote. Wengi wenu mnatukabidhi kadi na funguo, mengine yanabaki kwenu. Siku ofisi ikihama au ikifungwa, ushahidi wetu unahama nayo. Mimi niliokolewa na boksi ambalo halikutupwa. Msiwaache wajane wengine watafute maboksi.

La tatu, mkikosea, kubalini mapema na rekebisheni kwa gharama zenu. Barua ya wakala inayosema "kosa hili ni letu, nyaraka za asili ni hizi" ina nguvu kuliko viapo kumi vya mwenye gari. Msimwambie mteja arudi wiki ijayo. Msimwombe hela ya kufuatilia kosa ambalo hakulifanya. Najua wapo kati yenu wanaofanya hivi tayari kwa moyo safi, na nimekutana nao. Naomba uwe utaratibu wa wote, ulioandikwa na kubandikwa ukutani, mteja aingiapo auone.

Nayafahamu majibu yenu. Mtasema meli ikishusha magari, yanashuka mengi kwa siku moja. Mtasema gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na mteja huyohuyo anapiga simu kutwa akitaka gari lake litoke. Ni kweli tupu. Hata mume wangu, nakumbuka, alimpigia wakala wake mara nyingi mpaka nikamwambia amwache afanye kazi. Lakini haraka ile iliisha ndani ya wiki moja, na gharama yake tukailipa baada ya miaka minane. Mteja anayewakimbiza leo mwambieni hivi: "Nipe dakika mbili nilisome gari lako." Hakuna mwenye akili atakayekataa.

Kumbukeni pia kwamba magari mengine mnayoyatoa hayabaki hapa. Yanakwenda Zambia na Kongo, Rwanda na Burundi, yakiendeshwa na vijana wasiolijua gari wala mwenyewe. Tarakimu ikikosewa Dar es Salaam, anayeulizwa ni dereva aliyesimama Tunduma au Rusumo, karatasi mkononi, hana la kusema.

Na kwenu nyinyi wasomaji wengine mnaoisoma barua hii ingawa haikuandikiwa nyinyi: leo usiku chukueni kadi na tochi, mwende kwenye gari. Linganisheni namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka, rangi, na jina la mwenye gari herufi kwa herufi. Mkikuta kosa, anzeni kulishughulikia wakati mwenye jina kwenye kadi yu hai na anaweza kutia sahihi. Mkienda kununua gari, msione haya kumwambia muuzaji afungue boneti. Yule mnunuzi aliyeniacha nimesimama uani na kadi mkononi alinitonesha kidonda, lakini alifanya jambo la haki, na nimeshamwambia hivyo kwa simu.

Kadi mpya niliipokea siku ya Alhamisi. Sikuifurahia hapohapo dirishani. Nilirudi nayo Morogoro, nikamwita mwanangu wa mwisho, mwenye miaka 11, nikampa tochi, tukafungua boneti. Yeye akasoma kwenye chuma, mimi nikafuatisha kwenye kadi. Tulipofika tarakimu ya nne alinyamaza kidogo, akaangalia vizuri, akasema, "Nane, mama." Nami nikajibu, "Nane."

Wiki mbili baadaye gari likauzwa kwa mnunuzi yuleyule.

Ndugu mawakala, nawaomba muwe watu wa kwanza kulitamka neno hilo mbele ya kila gari, ili asiwepo mtoto wa kulitamka baada ya baba yake kuzikwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjane, msimamizi wa mirathi,
Morogoro